Lilikuwa Gari la Nani?

Mwezi uliopita nilimwonyesha mjomba wangu filamu. Mjomba si mtu wa filamu. Ni fundi wa magari pale Grogan, Nairobi, tangu kabla sijazaliwa, na ukimwona amekaa kitako saa moja na nusu bila kushika spana, ujue ama anaumwa ama kuna mechi. Lakini siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna, basi nikaweka laptopu juu ya boneti ya Probox moja iliyokuwa ikingoja spea, tukatazama Who Killed the Electric Car?, filamu ya hali halisi ya Chris Paine iliyotoka mwaka 2006.

Nilikuwa na sababu yangu. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa bodaboda alifika gerejini akisukuma pikipiki yake ya umeme. Haikuwa imeharibika. Betri ilikuwa na chaji ya kutosha. Malipo yake yalikuwa yamechelewa siku mbili, na kampuni (sitaitaja) ikaizima kutoka ofisini, yeye akiwa njiani na abiria. Akamwomba mjomba aifungue. Mjomba akaizunguka mara mbili, akainama, akaigonga gonga kwa kucha, akasimama.

"Huu si ugonjwa, mwanangu," akamwambia. "Hii ni amri."

Maneno hayo yamenikaa kichwani. Ndiyo maana leo naomba wasomaji wa ukurasa huu, ambao mmezoea riwaya na mashairi, mnivumilie nikizungumzia magari. Nadhani filamu hii ya miaka karibu ishirini iliyopita inatuhusu sana siku hizi, na nadhani pia iliuliza swali ambalo si lenyewe. Kukosea kwake ndiko kunakoifanya istahili kutazamwa upya.

Kwa wasiolijua, gari linaloliliwa katika filamu hii ni EV1. Lilikuwa gari la viti viwili lenye umbo la tone la maji, lililotengenezwa na General Motors ya Marekani kati ya 1996 na 1999. Yaliundwa 1,117 tu. Na kabla hatujafika mbali, wapenzi wa mbio mjue hili: gari hili ni mtoto wa mashindano. Mwaka 1987 GM ilishinda mbio za kwanza za World Solar Challenge nchini Australia, mbio za magari yanayoendeshwa kwa nguvu za jua, kwa chombo kiitwacho Sunraycer. Ujuzi uliopatikana pale ndio uliozaa gari la majaribio la Impact, likaonyeshwa Los Angeles Januari 1990, na hilo Impact ndilo lililokuja kuwa EV1.

Mwaka huo huo wa 1990, bodi inayosimamia hewa safi katika jimbo la California ikatunga kanuni: kampuni kubwa za magari zihakikishe kwamba kufikia 1998 asilimia 2 ya magari zinayouza jimboni humo hayatoi moshi hata kidogo, na kufikia 2003 iwe asilimia 10. Kampuni zikafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwa mkono wa kulia zikatengeneza magari, na kwa mkono wa kushoto zikaenda mahakamani kuipinga kanuni. Serikali ya Rais George W. Bush ikajiunga upande wa kampuni. Mwaka 2003 bodi ikalegeza kamba. Hapo hapo GM ikawataka wateja warudishe magari yake. Mengi yakapondwa. Machache yakapelekwa kwenye vyuo na makumbusho, mitambo yake ikiwa imelemazwa yasiweze kutembea.

Paine alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiliendesha gari hilo. Kwa hiyo filamu yake si ya mtu baki. Inaanza na mazishi: watu waliovaa vizuri, maua, hotuba, marehemu ni gari. Ukiwa Nairobi unaweza kucheka. Mjomba alicheka. "Hawa wazungu wanazika mashini!" Baada ya dakika kumi hakuwa anacheka tena.

Kama kazi ya sanaa, filamu imejengwa kama hadithi ya upelelezi. Kuna maiti, kuna orodha ya washukiwa, mwisho kuna hukumu. Washukiwa ni saba: wateja, betri, kampuni za mafuta, kampuni za magari, serikali, ile bodi ya California, na gari la haidrojeni, yule mchumba mpya aliyeahidiwa kuja baadaye. Kila mmoja anaitwa kizimbani, ushahidi unatolewa, halafu muhuri unagongwa. Ni betri peke yake inayoachiwa huru.

Muundo huu una faida zake. Habari ya kanuni, kesi na kamati inachosha hata mwandishi wa habari, nawaambia kwa uzoefu. Ukiipa sura ya mauaji, mtazamaji anakaa. Na baadhi ya ushahidi unauma kweli. Kuna sehemu inayolinganisha ruzuku za kodi: Marekani ya wakati huo ilimpa mnunuzi wa gari la umeme nafuu isiyozidi dola 4,000, ilhali mwenye biashara aliyenunua gari kubwa zito, la aina ya Hummer, aliweza kukata hadi dola 100,000 kwenye hesabu zake za kodi. Hapo hakuhitajiki msimulizi wala muziki wa huzuni. Weka namba mbili kando kwa kando, mtu ajionee.

Lakini hadithi ya upelelezi ina ugonjwa wake. Inataka muuaji. Ikishampata, au ikishawapata sita, inafunga kitabu na mtazamaji anaenda kulala akiwa ameridhika kwamba haki imetamkwa. Na maswali ambayo hayahusu muuaji hayaulizwi. Mimi nilipoitazama mara ya kwanza, nikiwa chuo kikuu, nilitoka na hasira safi: mafuta wabaya, umeme wazuri. Safari hii, nikiwa kando ya mtu anayejua gari kwa vidole, niliona kitu kingine, na kiko wazi muda wote.

Hakuna hata mmoja kati ya wale waombolezaji aliyekuwa anamiliki gari analolililia.

EV1 halikuuzwa. Lilikodishwa tu. Mkataba ukiisha, unarudisha. Hukubali, linakuja kuchukuliwa, kwa sababu kisheria halijawahi kuwa lako. Filamu inasema hivyo waziwazi mwanzoni, halafu inapita kana kwamba ni jambo dogo la karani. Na ile sehemu inayogusa moyo kuliko zote inahusu jambo hilo hilo. Mwaka 2005, kule Burbank, California, magari 78 ya mwisho yalikuwa yameegeshwa ndani ya uzio wa kampuni. Wapenzi wake wakakesha nje siku nyingi, mchana na usiku, wakayachungulia. Wakatoa ahadi ya kuyanunua yote kwa dola milioni 1.9. Pesa taslimu, kwa magari ambayo mwenyewe alikuwa anakwenda kuyaponda. Jibu likawa hapana. Malori yakaja, waliojaribu kuzuia wakakamatwa.

Mjomba akasimamisha filamu pale. Alikuwa ameshajua namna ya kuisimamisha.

"Kwa nini wasiuze? Kitu unakitupa, mtu anakupa pesa, unakataa?"

Nikamweleza maelezo ya kampuni: kwamba isingeweza kuhakikisha spea kwa miaka ijayo, na kwamba usalama na dhima ya kisheria vingewaletea shida.

"Spea?" Akaangalia gereji yake kuanzia mlangoni hadi nyuma, kulikorundikwa bampa, gia boksi, radieta, na milango ya magari ambayo Japani ilishayasahau. "Wangetuletea sisi."

Anasema kweli. Kenya huruhusu kuingiza gari la mtumba lisilozidi miaka minane, na likishaingia hapa ndipo linapoanza maisha yake marefu. Hilo Probox lililokuwa limebeba laptopu yangu limebadilishwa injini na kupigwa rangi mara mbili, na mlango wake mmoja ulitoka kwa ndugu yake aliyegongwa. Gari la Grogan halifi mpaka kila kiungo chake kigawiwe kwa wengine. Ukiniuliza kilichoiua EV1, nitakujibu kwamba ilikufa kwa sababu haikuruhusiwa kufika mikononi mwa watu kama hawa. Ingeuzwa hata mia tano tu, leo kungekuwa na EV1 mahali fulani duniani ikitembea na betri ya kuungaunga.

Hapa ndipo naikosoa filamu ya Paine. Inauliza nani aliliua. Ilipaswa kuanza na: lilikuwa la nani? Swali la pili linamweka kila mtu mahali pake, wakiwemo waombolezaji wenyewe. Wengi wao, tunaowaona kwenye filamu, ni watu wa Hollywood na wahandisi wa California wenye nyumba zenye maegesho. Walikubali masharti ya ukodishaji kwa furaha maana lilikuwa gari la pili au la tatu nyumbani. Hakuna aliyekuwa anategemea EV1 kupata mlo wa jioni. Kwa hiyo liliponyang'anywa, walichopoteza ni kipenzi. Yule kijana wa bodaboda, pikipiki ikizimwa, anapoteza siku nzima.

Na huyo kijana hakosi hesabu. Pikipiki nyingi za umeme kwenye miji yetu hufanya kazi kwa mtindo wa kubadilisha betri: chombo unaweza kukinunua kwa mkopo, lakini betri inabaki mali ya kampuni, unaibadilisha kituoni kwa malipo. Mtindo huu una akili, nisiwe mnafiki. Betri ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote, na kijana hana laki ya kuweka mezani. Anaanza kazi leo, hangoji saa tatu chaji ijae, na gharama ya siku huwa chini ya petroli. Kigali walianza mapema, Nairobi ikafuata, sasa ziko kila kona. Wanaosema pikipiki za umeme ni utapeli hawajaongea na waendeshaji. Lakini betri isiyo yako, ndani ya sanduku usiloweza kulifungua, inayosikiliza amri kutoka ofisini, ni mkataba ule ule wa EV1 uliovuka bahari.

Kuna filamu ya pili. Paine alitoa Revenge of the Electric Car mwaka 2011, na niliitazama peke yangu maana mjomba alikuwa amepata kazi ya klachi. Inawafuata watu wanne: Bob Lutz wa GM, ile ile GM, sasa akitetea gari jipya la Volt, Carlos Ghosn wa Nissan, Elon Musk wa Tesla akiwa kwenye kipindi kigumu cha pesa, na Greg Abbott, fundi wa Los Angeles ambaye kazi yake ni kutoa injini za petroli kwenye magari ya zamani na kuweka mota za umeme.

Nasema kama mhakiki: hii ni filamu dhaifu kuliko ya kwanza, ingawa imepigwa kwa pesa nyingi zaidi na milango ya ofisi kubwa ilifunguliwa kwa kamera. Ya kwanza ilikuwa na hasira. Ya pili ina heshima kupita kiasi. Inageuza historia ya kiwanda kizima kuwa mchezo wa wanaume watatu wenye suti, na leo ukiitazama unashtuka ilivyochakaa. Ghosn alikamatwa Tokyo mwaka 2018, na mwishoni mwa 2019 akatoroka hadi Lebanon. Kuhusu Musk sina haja ya kusema, kila mtu ana maoni yake. Ndivyo inavyokuwa ukijenga hadithi juu ya mashujaa walio hai: wanaendelea kuishi baada ya filamu kwisha.

Aliyebaki mzima katika filamu ile ni yule fundi. Karakana yake ilichomwa moto na mtu, akapoteza karibu kila kitu, akaanza upya. Yeye ndiye pekee kati ya wanne anayeshughulika na gari ambalo mwenye nalo amelileta mwenyewe, kwa hiari, na ataondoka nalo likiwa lake. Kila alipoonekana nilitaka kamera ikae. Haikai. Inakimbilia mkutano mwingine wa wakurugenzi. Ningekuwa mhariri, ningekata nusu ya ofisi zile nikampa yeye nafasi.

Sasa nije kwenye mbio, maana najua kuna wasomaji hapa waliosubiri hapo tu.

Mimi nililelewa na Safari Rally. Julai 2002 mjomba alinichukua na pikapu ya mteja (mteja hajui mpaka leo) tukaenda upande wa Kajiado kusimama kwenye vumbi. Unaanza kuona helikopta, halafu unasikia, halafu unaona vumbi, gari ndilo la mwisho. Colin McRae alishinda mwaka ule kwa Ford Focus, na baada ya hapo Safari ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia mpaka 2021 iliporudi, makao yake yakiwa Naivasha.

Sasa, anayeijua Naivasha anajua kichekesho kilichopo. Hatua ya mwisho, ile ya kufunga mashindano, hukimbiwa Hell's Gate, na kando ya Hell's Gate kuna Olkaria, vituo vya umeme wa mvuke kutoka ardhini. Umeme wa Olkaria ulianza kuzalishwa mwaka 1981, na leo mvuke ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Kenya, nchi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake haitokani na mafuta. Kwa hiyo picha ni hii: magari yanayonguruma, yakipita kando ya moja ya sehemu safi kuliko zote duniani za kuzalisha umeme. Kuna hatua ya mbio iliyowahi kupewa jina la Geothermal kabisa. Mwandishi wa tamthilia akiandika hivyo tungemwambia apunguze.

Kati ya 2022 na 2024 mbio zenyewe zilijaribu kubadilika. Magari ya daraja la juu, Rally1, yaliwekewa mota ya umeme ya kilowati 100 kusaidia injini, na mafuta yake yakawa ya kutengenezwa maabara, yasiyochimbwa ardhini. Kwenye eneo la matengenezo yalitakiwa kutembea kwa umeme tu. Nilikuwa Naivasha 2023 na nakumbuka gari la rangi kali lilivyopita mbele yetu kimyakimya, umati ukagawanyika: wengine wakalishangilia, mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Limezima?"

Kilichonivutia zaidi nilikielewa baadaye. Ile mitambo ya umeme ilikuja ikiwa sanduku lililofungwa, kutoka kwa mtengenezaji mmoja kwa timu zote. Mafundi wa timu, ambao ni kati ya mafundi bora duniani, hawakuruhusiwa kulifungua. Likileta shida, linarudishwa kwa aliyelitengeneza. Kufikia 2025 mfumo ukaondolewa, sababu kuu zikiwa gharama na ugumu wake, na uzito wa chini wa magari ukapunguzwa kilo 80. Wapenzi wengi wa petroli walifurahi wakasema umeme umeshindwa. Mimi sioni hivyo. Naona kwamba mchezo uliojengwa juu ya fundi kukarabati gari kwa dakika chache, kwa nyundo na waya kukiwa hakuna kingine, uliletewa kitu ambacho fundi amekatazwa kukigusa.

Maana Safari ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Ilipoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikusudiwa magari ya kawaida, yale yale ya dukani. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Na mshindi wa 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa mtoto wa gereji: alijifunzia ufundi kwa baba yake. Siku ile alishinda na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, ilishakimbizwa na wengine kabla yake. Alishinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi. Mjomba anapenda kusema kwamba Safari ya kwanza ya Joginder ilishindwa na mtumba, na kwa kweli siwezi kumbishia.

Kwa hiyo ubishi wetu wa "mbio za umeme hazina sauti, hazina ladha" naona unakwepa jambo. Kwanza, historia haitusaidii: gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme, La Jamais Contente la Camille Jenatzy, kule Ufaransa, Aprili 1899. Pili, masikio hujifunza. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Treni tuliiita gari moshi kwa sababu ya kile kilichotoka kichwani mwake, na tangu 2024 Watanzania wanapanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma isiyotoa hata uzi wa moshi, na wapo watakaoendelea kuiita gari moshi bila kuona ajabu. Nina hakika mwanangu atamwambia dereva wa gari la umeme "kanyaga mafuta". Sauti tutaizoea. Ninachoogopa kukizoea ni kufuli.

Na hapa lazima nijipinge kidogo, kabla msomaji hajanipinga. Kuna hatari ya kumpamba fundi. Filamu ya Paine inasimulia kwa furaha kwamba gari la umeme halihitaji kubadilishwa oili, halina plagi wala egzosi, na kwamba kampuni zilipoteza hamu kwa kuwa biashara ya spea ingekufa. Mjomba aliposikia hivyo alinyamaza. Oili, plagi na egzosi ndizo zilizonilipia karo, mimi ninayeandika makala haya. Ni rahisi kwangu kuuita ukimya ule huzuni ya haki. Lakini mjomba pia anakohoa kila asubuhi tangu nilipokuwa mdogo, na anayeishi Nairobi anajua moshi wa matatu ya dizeli ukiingia dirishani unaonja vipi. Siwezi kuwaombea wajukuu wake kifua kile ili nilinde kumbukumbu zangu za vumbi la Kajiado. Ethiopia ilishaamua: Januari 2024 ilitangaza kwamba haitaruhusu tena kuingizwa magari binafsi yasiyo ya umeme. Tutapenda tusipende, mabadiliko yako barabarani.

Tena, fundi si mtu wa kusikitikiwa. Baada ya filamu mjomba hakulalamika hata mara moja kuhusu umeme. Aliuliza maswali. Betri ya namna hiyo ina seli ngapi? Ikifa moja zinakufa zote? Mota inashika joto wapi? Nani anafundisha? Wakati wa injekta za kompyuta miaka ile watu walisema mafundi wa Grogan wamekwisha. Wakanunua mashine za kusoma hitilafu, wakajifunza kwa vijana wao, wakaendelea. Kinachomshinda leo hakiko kwenye waya. Kiko kwenye karatasi, kwenye mkataba usiomtaja, na kwenye programu ambayo hata akijua ugonjwa hana ruhusa ya kutoa dawa.

Ndiyo maana natamani filamu ya tatu, na sioni kwa nini isitengenezwe hapa kwetu. Isitafute muuaji wala shujaa. Ifuate betri moja tu kwa mwaka mzima: ilitoka wapi, imepita kwenye pikipiki ngapi, nani ameilipia mara ngapi, nani anaruhusiwa kuifungua ikichoka, na itazikwa wapi. Nina hakika kufikia mwisho tungejua mengi kuhusu nchi zetu kuliko hotuba zote za mikutano ya hali ya hewa.

Kijana alilipa jioni ile, kwa simu, baada ya kukopa. Pikipiki iliwaka yenyewe pale pale tulipoiegesha, hakuna aliyeigusa. Mjomba aliitazama, akamwambia kijana asome mkataba wake wote, na asipouelewa auchukue aje nao, "huyu mpwa wangu amesoma, atatueleza." Ameshauleta. Una kurasa kumi na nne, uko kwa Kiingereza, na nimeusoma mara mbili. Neno "mmiliki" limo mara nyingi, na hakuna hata mara moja linapomhusu yeye.

Itafuteni Who Killed the Electric Car? muitazame. Ina kasoro, nimezisema, lakini ina hasira ya kweli na bado haijachakaa. Ya pili itazameni kwa ajili ya yule fundi tu. Na mkiweza, msiitazame peke yenu. Itazameni na mtu ambaye mkono wake una oili, na mkubali aisimamishe kila anapotaka.